Projekta nzuri, waya mbovu, na kauli iliyoniuma

Nimekaa nalo moyoni wiki kadhaa nikidhani litapoa. Halijapoa.

Nilikodi projekta duka moja la Ngamiani, hapa Tanga, kwa semina ya kina mama wanaolima mwani. Wengine walidamka alfajiri kutoka Mkinga. Ukumbi wa Chumbageni umejaa, mapazia yameshushwa, na mimi nimesimama mbele na kompyuta yangu ya zamani ya Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows), yenye tundu la VGA tu, lile la zamani la kuunganisha skrini. Nikachomeka waya wa duka. Herufi zikatoka ukutani zimevimba kama karatasi iliyolowa. Nikaandika xrandr, amri ya kuonyesha vipimo vya picha ambavyo kompyuta inaviona: orodha inaishia 1024x768, wakati projekta yenyewe ni ya 1280x800.

Kijana aliyetumwa na duka kuifunga akatoa kompyuta yake ya Windows, akachomeka waya wake wa HDMI, aina mpya kuliko VGA, picha ikang'aa. Akanigeukia, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Umeona dada? Projekta yetu haina shida. Ndiyo matatizo ya vitu vya bure hayo. Siku nyingine uje na kompyuta ya kueleweka."

Siku nyingine! Kina mama wale warudi kwa nauli ya nani?

Mama mmoja wa mbele akaniambia taratibu, "Mwanangu, acha tu, tuelezee kwa mdomo." Machozi yakanilenga.

Nikachomoa ule waya wa VGA, maana mpaka hapo hakuna aliyeutazama. Plagi yake ina safu tatu za pini. Safu ya tatu, ya pili kutoka pembeni, namba 12, imelala kabisa, haiingii tunduni. (Namba 9 isikutishe, nyaya nyingi huja bila hiyo.) Ya 12 na ya 15 ndizo zinazoipa kompyuta taarifa za projekta: ni ya aina gani, inataka vipimo gani. Moja ikikosa, picha inapita lakini kompyuta inabaki kubahatisha. Hata Windows kwa waya uleule ingebahatisha! Yeye kalinganisha HDMI na VGA, hukumu akaibebesha Linux.

Nikaazima pini ya ushungi, nikaisimamisha ile iliyolala, pole pole, mikono inatetemeka. Nikachomeka tena: 1280x800. Nikatenganisha skrini mbili, slaidi zangu za Impress, programu ya slaidi, zikaenda ukutani, maelezo yangu yakabaki kwangu.

Na projekta yenyewe nisiionee. Mwanga wake mkali, rangi zimetulia. Weupe wa shina la mwani linapougua ulionekana mpaka viti vya nyuma, na kina mama wakaanza kunyoosha vidole: "Ndiyo huu! Ndiyo huu ulioingia kwetu!" Kwa dakika ile ningewapa nyota tano, kijana nikamsamehe.

Jioni nikairudisha. Mwenye duka akaukagua waya kwenye taa, akasema pini imechokonolewa, akakata amana yangu. Kijana kasimama pembeni, anajua kila kitu, kimya.

Basi nyota moja, na hiyo ni ya projekta peke yake. Ukikodi kwao, waya uukague palepale dukani kabla hujatoa hela.

Amana wabaki nayo. Ninachotaka ni kijana aje airudishe kauli yake, mbele ya kina mama walewale.