Boksi la vipepeo sita: ufundi mzuri, lebo za kubahatisha

Boksi hili la mbao lenye kifuniko cha kioo linauzwa Kampala kwenye maduka ya vitu vya sanaa. Kadi yake inasema lina spishi sita. Ni tano.

Tatizo liko safu ya juu. Kipepeo wa kwanza, wa manjano hafifu, pindo jeusi, mwenye mikia, ameandikwa Papilio dardanus, na ndiye hasa: dume. Jirani yake, mweusi wa mabaka meupe asiye na mkia, ameandikwa Amauris niavius. Huyu naye ni dardanus, ila jike. Majike wake huiga vipepeo wenye sumu, kama huyo Amauris niavius, ili ndege wawaogope, tena kwa sura kadhaa. Mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alilieleza hilo mwaka 1869, basi muuzaji wa leo hana udhuru.

Rangi isikudanganye. Fungua skrubu nne, mtoe kwa kushika pini, mgeuze. Papilio ana miguu sita kamili. Amauris ni wa familia nyingine, miguu yake ya mbele imedumaa, utahesabu minne tu. Kama miguu imeshakatika (hukatika sana), tazama ukingo wa ndani wa bawa la nyuma: kwa Papilio umebonyea, tumbo likabaki wazi.

Papilio wengine watatu, nireus, phorcas na demodocus, yule ambaye viwavi wake humaliza majani ya milimau, wako sawa. Graphium leonidas yuko sawa pia, ila mabano ya aliyempa jina yamesahaulika: huandikwa (Fabricius, 1793), kwa sababu Fabricius alimweka kwanza kwenye jenasi nyingine, Papilio. Lebo za mahali na tarehe hakuna hata moja.

Pini ni za kushonea, zitashika kutu. Badilisha kwa za chuma kisichoshika kutu. Kidonge cha naftalini kimeachwa huru, kikiviringika kinavunja mikia. Kifunge kwenye kitambaa cha neti, ukibane kona. Ukiona unga wa kahawia chini ya kipepeo, vidudu vimeingia: funga boksi ndani ya mfuko wa plastiki, weka friza kwa wiki mbili, na ukilitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo umande utalowesha mabawa.

Kwa ukutani linafaa. Kwa darasa, banua lebo ya pili uandike: Papilio dardanus, jike.