Oili ya mashindano kwenye Forester ya kwendea kazini: maabara imesema nini

Nianze na bei, maana ndiyo iliyomfanya fundi wangu aweke spana chini. Galoni la lita nne la oili ya mashindano, daraja la uzito 5W-40 na yenye msingi wa esta (aina ya sintetiki), nililinunua Gerezani kwa karibu mara tatu ya bei ya sintetiki ninayoweka siku zote. "Dada, kwa hela hii nakuletea plagi zote nne, filta ya hewa, na chenji inabaki," akasema. Nikamwambia amwage ile ya zamani, aweke hii. Jina la chapa silitaji kwa sababu swali langu linazihusu oili zote za aina hii: je, oili inayolinda injini ya gari la rali italinda vizuri zaidi gari linaloshinda kwenye foleni?

Gari ni Subaru Forester SG5 ya turbo, injini ya EJ20. Wenye Subaru hamhitaji maelezo marefu. Beringi za konrodi zikikosa oili, injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani, na ikishanoki bei ya galoni unaiona ndogo sana. Ndiyo maana vijana wengi wa Subaru hapa Dar wanaichukulia oili ya mashindano kama bima. Mimi natoka Goba, mtaa wetu bado ni vumbi, naingia Barabara ya Bagamoyo, na kuanzia Tangi Bovu hadi Morocco mguu hauondoki kwenye breki. Kiyoyozi kimewashwa, turbo haina kazi, injini inaunguruma tu.

Maabara niliyotumia imezoea oili za majenereta na mitambo ya migodini. Kijana wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama kweli ni gari dogo. Nilipeleka chupa tatu: oili mpya ya mashindano kutoka kwenye galoni, sintetiki ya kawaida baada ya kilomita 5,000, na ya mashindano baada ya kilomita hizohizo. Ile ya oili mpya watu wengi huiruka, na bila hiyo hujui ulianzia wapi. Mjini kuna galoni nyingi za bandia, hivyo inakusaidia pia kujua kama ulichonunua ndicho kilichoandikwa. Kwangu kilikuwa chenyewe: zinki na fosforasi zilikaribiana na karatasi ya mtengenezaji.

Atakayejaribu achukue sampuli injini ikiwa ya moto. Fungua kizibo cha sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha oili ya mwanzo ipite na uchafu wake, kisha kinga katikati ya mtiririko kwa chupa ya maabara. Usikinge ya mwisho, na usitumie chupa ya maji iliyookotwa gereji.

Sasa majibu, tukianza na metali zinazoonyesha injini inavyolika. Chuma, kinachotoka kwenye slivu, kreki na kemshafti, kilikuwa sehemu 15 kwa milioni kwenye sintetiki ya kawaida na 16 kwenye ya mashindano. Aluminiamu 3 na 3. Risasi 2 na 2, bati karibu na sifuri kote. Kwa maana nyingine, hakuna tofauti. Mpishano wa moja ni kitu cha kawaida kwenye kipimo chenyewe. Nimelipa mara tatu, injini imelika vilevile. Fundi anaapa injini imelainika. Mimi sikusikia kitu, na karatasi nayo haikusikia.

Kilichoruka ni shaba: 4 kwenye ya kawaida, 19 kwenye ya mashindano. Hapo moyo ulinilipuka, maana wengi wakiona shaba wanafikiria beringi. Lakini beringi ikilika, shaba haiji peke yake. Tabaka za juu huanza kwanza, na risasi, bati au aluminiamu zingepanda kabla yake. Hapa zote zimetulia. Maelezo yanayoingia akilini ni esta. Ina tabia ya kushika kwenye metali, ndiyo sifa yake, na kwenye kipoza oili hunyonya shaba ya maungio kikemia bila chochote kusuguana. Anayebadilisha kutoka oili ya kawaida kwenda ya esta anaweza kuona shaba ikipanda kwenye zamu za mwanzo halafu ikashuka. Ungekuwa huna chupa ya kulinganisha, ungefungua injini nzima bure.

Tofauti ya pili ndiyo iliyoniamulia. Kila oili ina akiba ya alkali, ambayo kwenye karatasi huandikwa TBN. Kazi yake ni kumeza asidi inayozaliwa petroli inapoungua. Ya kawaida ilibaki na 4.6. Ya mashindano ilianza na 6.4 tu ikiwa mpya, ikarudi na 1.8. Hiyo imekwisha. Ningeisukuma kilomita 2,000 zaidi, asidi ingekuwa inakula beringi zilezile nilizonunulia oili ya bei mbaya.

Na si kwamba mtengenezaji ameiba. Oili ya mashindano humwagwa baada ya mbio, kwa hiyo haihitaji sabuni nyingi ya kusafisha masizi na asidi za miezi. Nafasi hiyo hujazwa vitu vya kuzuia metali kugusana kwenye joto kali na mzunguko wa juu, hasa zinki na fosforasi. Valvoline wametenganisha wenyewe waziwazi: VR1 imewekewa sabuni ya kutosha kutumika barabarani, halafu wakawa na nyingine iliyoandikwa kabisa "Not Street Legal", yaani si ya barabarani. Ukiona neno "racing" kwenye galoni, geuza nyuma usome ni kundi gani.

Fosforasi nayo ina gharama yake. Tangu 2004, viwango vya Marekani kwa madaraja mepesi kama 5W-30 vimeweka kikomo cha 800 kwa milioni, kwa sababu fosforasi inayoungua hutuama kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaua polepole. Yangu ya mashindano ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Najua wengi hapa masega yaliondoka kitambo, mengine yameuzwa mwenyewe akiwa gereji anakunywa soda. Mimi yangu bado yapo na nayataka.

Niitendee haki kwa jambo moja. Kwenye uzito, yaani oili inavyobaki nzito ikiwa ya moto, ya mashindano ni chuma cha pua. Daraja la 40 linatakiwa likae kati ya sentistoksi (kipimo cha uzito huo) 12.5 na 16.3 kwa nyuzi 100. Yenyewe ilitoka 14.1 ikarudi 13.6. Ya kawaida ilishuka hadi 12.2, yaani kwa kipimo imeshakuwa 30. Turbo na petroli inayovuja kupita ringi zimeilainisha. Kama unapeleka gari kwenye rali au unapanda mlima na mzigo huku turbo imejaa, hilo lina thamani, mradi ukirudi umwage mapema.

Lakini gari langu halipandi popote. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa foleni, wastani wa 20 kwa saa, ni saa 250 za injini. Mtu wa Dodoma anayetembea wastani wa 60 anazimaliza kwa saa 83. Stika ya gereji inawapa kilomita zilezile. Nimeanza kumwaga kila 3,500, sintetiki ya kawaida 5W-40, na bado natumia pesa pungufu kuliko zamu moja ya galoni lile.

Filta ya oili tuliikata pia, kwa sababu mashine ya maabara huona chembe ndogo tu; vipande vikubwa vinaipita. Fundi alikuja na msumeno wa chuma, nikamzuia, maana unga wa msumeno ungeonekana kama injini imekufa. Tukatumia mkasi wa bati. Karatasi ilikuwa safi, masizi tu.

Silikoni, yaani vumbi, ilikuwa 13 na 12. Kwa mtaa wetu nimeridhika, na shukrani ziende kwa filta ya hewa ya karatasi, ile ya bei rahisi aliyokuwa ananishauri fundi tangu mwanzo.

Alama zangu: kwa gari la mashindano, nne kati ya tano. Kwa gari la kwendea kazini, mbili, na moja ya hizo ni ya uzito. Kwenye galoni imebaki kidogo. Jirani wa bodaboda ameiomba, nikamnyima: klachi ya pikipiki yake inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili ya gari yenye vilainishi vingi inaweza kuifanya iteleze akiwa na abiria mgongoni. Amekasirika kidogo, anasema nina roho mbaya.