Kapeti la plastiki, vipande au SPC? Mwongozo wa kuchagua vinaili kwa nyumba ya Dar

Muuzaji wa Kariakoo ataanza kukuuliza unataka rangi gani. Rangi iache kwanza, ujue sakafu yako ikoje. Vinaili, yaani plastiki ya PVC ya kutandika sakafuni, haiozi kwa maji, lakini pia haipitishi unyevu, na nyumba nyingi za Dar zilimwagwa zege bila nailoni chini yake. Unyevu ukipanda kutoka ardhini unanasa hapo: gundi inalegea, kona zinanyanyuka, ukungu mweusi unaota chini na harufu inajaa chumbani. Kama unakaa bondeni, tuseme Jangwani au Kigogo, masika yatakuonyesha hayo mapema.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua nailoni inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, uiache siku nzima. Ukiifunua ukakuta matone kwa ndani, au saruji imekolea rangi, usinunue chochote cha gundi. Zege jipya nalo lina maji yake. Kwa makadirio ya kawaida linahitaji kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo la inchi 4 lisubiri miezi 4 hivi.

Sasa aina zenyewe, nikianza na iliyo bora. Ya kwanza, kwa mwenye nyumba yake: mbao za SPC. Ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na PVC, nyingi zina unene wa milimita 4 hadi 6. Zinaingiliana kwa meno bila gundi, hivyo siku bomba likipasuka unazifungua, unakausha sakafu, unazirudisha. Nailoni ngumu itandazwe chini yake kabla ya kuanza. Zinachotaka ni sakafu iliyonyooka: weka rula ya fundi ya mita 2, na ukiona mwanya chini yake unazidi milimita 3, sawazisha kwanza, la sivyo meno yatakatika kwa kukanyagwa. Ukutani iachwe nafasi ya milimita 5 hadi 10, maana joto huzitanua, skatingi itaificha. Fundi anayesema nafasi hiyo si lazima, tafuta mwingine.

Hapa ndipo watu wanauziwa lamineti wakidhani ni SPC, kwa sababu juu zinafanana kabisa. Tazama ubavuni: lamineti ina unga wa mbao wa kahawia, SPC mara nyingi ni ya kijivu kama jiwe. Bado una shaka? Omba kipande, kilaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji. Lamineti itavimba.

Ya pili, na kwa mpangaji ndiyo ya kwanza: kapeti zito la plastiki la kukunja, kuanzia milimita 2. Unalitandaza bila gundi, na siku ya kuhama unalikunja unaondoka nalo. Ila bei ya "mita moja" inakudanganya usipouliza upana. Chumba cha futi 12 kwa 12 ni kama mita 3.7 kila upande. Kapeti la upana wa mita 2 litahitaji vipande viwili, yaani mita 7.4, na kiungo kitapita katikati ya chumba. La upana wa mita 4 linatosha kwa kipande kimoja. Linganisha bei kwa mita ya mraba.

Usiridhike na unene pekee, unaweza kuwa sponji tupu. Uliza tabaka la juu lina milimita ngapi: 0.3 inatosha nyumbani, 0.5 kwa duka au saluni. Kisha kunja kona, uso ukiwa nje. Ukiona mstari mweupe wa ufa, liache hapo hapo.

Ya tatu: vipande vya kupaka gundi. Vizuri ghorofani, ambako hakuna unyevu wa ardhini, na kimoja kikiharibika unabadilisha hicho tu.

Ya mwisho: vipande vyenye gundi yake mgongoni, vya kubandua karatasi na kubandika. Kwa joto la Januari na Februari, gundi hiyo inalainika na vipande vinaanza kutembea. Mimi nisingeviweka sebuleni hata kwa bei ya kutupa.

Aina yoyote utakayochukua, jiko la mkaa lisikae juu yake. Cheche moja inaacha tundu. Mlangoni usiweke zulia lenye mpira chini, kwani mpira huacha doa la njano lisilotoka kwa deki yoyote. Weka la kitambaa. Unaponunua maboksi, hakikisha yote yana namba moja ya uzalishaji, na ongeza asilimia 10 juu ya vipimo vyako, maana ukirudi baada ya mwaka kutafuta boksi moja la nyongeza, rangi ile ile huenda usiikute.