Paleti za rangi za CorelDRAW kwenye kazi za mabango: uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa, CorelDRAW (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) kwa kazi za mabango naipa nyota nne kati ya tano na sehemu kubwa ya hizo nyota inatokana na paleti zake, yaani vile viboksi vya rangi za kuchagua, ila siyo ile paleti inayokukaribisha ukifungua programu, ile mi nimeifunga muda mrefu. Nipo Dar, nafanya fleksi (yale maturubai ya plastiki ya kuprintia) za maduka, stika za magari, vibao vya ofisi na mabango ya taa, kazi zangu zinatoka kwenye mashine za kuprinti za wino wa eco solvent na zile kubwa za fleksi, kwahiyo ninayoyasema hapa ni ya huko. Mtu wa kadi za harusi au fulana mambo yake yako tofauti kidogo.

Tuanze na bluu maana ndo inayoleta ugomvi na wateja kuliko rangi zote. Kwenye ile paleti ya CMYK (wino nne, C ni sayani, M majenta, Y njano, K nyeusi) ya mwanzo kuna kiboksi kinaitwa Blue, ukiweka mshale juu yake unaona C100 M100 Y0 K0. Kwenye skrini ni bluu safi tu inapendeza, ikitoka kwenye mashine ni zambarau kabisa, ya kitambaa cha padri wakati wa Kwaresima. Siyo mashine mbovu wala wino feki, ni kwamba majenta imelingana na C na zikilingana lazima ziende zambarau. Mi naacha majenta ikae chini ya C kwa 30 au zaidi, bluu yangu ya kawaida ya duka ni C100 M60 na ukitaka iliyoiva unaongeza K kidogo badala ya kuongeza majenta. Bluu ya bendera yetu ndo kabisa, ile ni ya kuelekea anga, majenta inaingia kidogo sana, na bado kila msimu wa sherehe utaona barabarani vibendera vyenye zambarau vinapepea.

Sasa kilichonifanya niipende Corel ni kwamba inakuruhusu kutengeneza paleti yako mwenyewe kirahisi sana. Unachora viboksi, kila kimoja unakipa namba zako, chini yake unaandika zile namba, halafu unavichagua vyote, unaenda kwenye menyu ya Window pale kwenye mambo ya paleti, unaiambia itengeneze paleti kutoka kwenye vitu ulivyochagua, basi, inakuwa faili la XML ambalo unaliweka kwenye flashi na kumpelekea mwenzako wa kompyuta ya pili. Mi paleti zangu nimezipa majina ya material, yaani kuna ya FLEKSI, kuna ya STIKA, kuna ya TAA, na ndani yake rangi zina majina yenye namba, mfano BLUU DUKA 100-60-0-0, ili hata dogo wa kazi akifungua asianze kukisia.

Ila paleti ya kwenye kompyuta peke yake haina maana yoyote kama hujaiprinti, na hapa ndo watu wengi wanaruka. Vile viboksi (vyangu ni kama sentimita tatu hivi kila upande) napeleka viprintiwe kwenye mashine ileile itakayofanya kazi, material ileile, passi zilezile (mara ambazo kichwa cha mashine kinapita), profaili ileile (mpangilio wa rangi) kwenye programu ya RIP inayotafsiri faili kwa ajili ya mashine, maana ukibadilisha kimoja kati ya hivo umebadilisha rangi. Fleksi ya bei ya chini nyeupe yake siyo nyeupe, ina ukijivu au ubluu ndani, njano ukiiweka juu yake inapoa. Passi zikipungua wino unashuka na nyekundu inakuwa kama imeoshwa. Halafu ikishatoka usiiangalie chini ya taa ya tyubu ya ofisini, toka nayo nje mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kuna kijivu ndani kinaonekana kijivu na nje kinavuta kijani. Kijivu mi natumia K peke yake siku hizi, 20, 40, 60, sitaki habari za kuchanganya.

Kingine ambacho hii chati, yaani hivi viboksi vilivyoprintiwa, inakusaidia ni mteja. Mama mmoja wa duka la vipodozi alikuja na logo kwenye simu, mwanga wa simu umewekwa mwisho kabisa, nikamwambia, "Mama, hebu shika simu yako pembeni ya hiki kiboksi hapa."

"Mbona ya simu inang'aa zaidi baba?"

"Ya simu ina taa kwa ndani mama, bango lako litakaa juani halina taa."

Akaangalia angalia pale, akarudi na kwenda, akaweka kidole kwenye waridi moja ambayo mi wala nisingemchagulia, nikaandika namba zake kwenye oda akasaini. Kazi ilivotoka hakukuwa na maneno. Ukimwonyesha mteja skrini umeshamuahidi kitu ambacho wino hauwezi, hasa ile kijani ya RGB (rangi za mwanga wa skrini) 0-255-0 na ile machungwa ya kuwaka, hazipo kwenye wino wa rangi nne, hata ufanyeje.

Machungwa tuiongelee kidogo. Ukiweka M50 Y100 unapata machungwa ya heshima, ukisogeza majenta juu zaidi inaanza kuwa nyekundu, ile ya kuwaka haiji. Mteja aking'ang'ania, mi simprintii, namkatia kwenye plota (mashine ya kukatia) na vinaili, ile plastiki ya kubandika, yenye rangi yake, Oracal 651 namba 034 ni machungwa ya kweli kweli, herufi zinakatwa zinabandikwa, hakuna kubishana na CMYK. Kwenye kibao kimoja unaweza ukaprinti mandhari na herufi ukakata, inatoka safi sana.

Nyeusi nayo ina mambo yake. K100 peke yake kwenye eneo kubwa la fleksi inatoka kama kijivu kilichokolea, ukiiweka pembeni ya kitu cheusi kweli unaona. Natumia 60-40-40-100 kwenye maeneo makubwa, lakini herufi ndogo naziacha K100 tu maana rangi nne zikisogea kidogo herufi inaota kivuli. Na wale wanaojaza 100 kote ili iwe nyeusi zaidi, jamani, hiyo ni asilimia 400 ya wino, stika haikauki, ukiikunja inagandana na ukiilaminisha inatoa mapovu.

Kuna hii paleti ndogo ya chini, ile ya dokumenti, inayojikusanyia rangi zote ulizotumia kwenye faili. Watu wanaidharau lakini mi naona ndo kitu kizuri kuliko vyote mle ndani. Mteja anakutumia logo ya JPEG ya WhatsApp, unaitrace (unaigeuza kuwa mchoro wa Corel), kwa macho unaona nyekundu moja, ukicheki pale chini unakuta nyekundu zimejipanga kama foleni ya mwendokasi, moja M97 Y91, nyingine M95 Y88 K2, na kadhalika. Kwenye bango la mita sita hizo tofauti zinaonekana kama mabaka. Hapo natumia kutafuta na kubadilisha rangi, zote nazipeleka kwenye nyekundu moja ya kwenye paleti yangu, M100 Y100, nikitaka ishuke kidogo isiwe ya kupiga kelele naweka K5 au K10. Na ukumbuke picha uliyoburuta ukaiweka bado ni RGB hata kama dokumenti umeiseti CMYK.

Pantone, zile rangi za kampuni ya Pantone zenye namba zake maalum: Corel ina vitabu vyake kwenye maktaba ya paleti, na hilo ni jambo la kushukuru maana wenzetu wa Adobe kuanzia Novemba 2022 vitabu vingi vya Pantone viliondolewa kwenye programu zao, ukavitaka unalipia kwa Pantone wenyewe, na kuna watu walifungua mafaili ya zamani wakakuta rangi zimegeuka nyeusi. Kama kampuni imekupa namba ya Pantone, ichague kutoka kwenye kitabu cha Coated (cha karatasi iliyopakwa), usiibadilishe kuwa CMYK mwenyewe na usilibadilishe jina, toa PDF. RIP nyingi zinasoma lile jina na kutafuta kwenye jedwali lao mchanganyiko unaokaribia zaidi kwa mashine ile, ukiipa jina la "nyekundu ya bosi" haijui ni nini, na ukitoa JPEG jina halipo kabisa. Ila Reflex Blue na Orange 021 usimwahidi mtu kwa wino wa rangi nne, mwambie mapema. Wenye mashine za Roland mko vizuri zaidi, VersaWorks, RIP yao, ina maktaba yake ya rangi unaiingiza Corel na chati yake unaiprinti kutoka humohumo, nusu ya maelezo yangu ya juu hayawahusu.

Mabango ya taa yana paleti yake peke yake, nyie acheni, rangi iliyotosha mchana usiku taa ikiwaka nyuma inapauka yote, inabidi wino uwe mzito au iprintiwe mara mbili, na chati yake lazima uiangalie taa ikiwa imewashwa.

Kuna sehemu nilikuwa napeleka kazi, siitaji jina, walibadilisha profaili kwenye RIP bila kusema, kazi ya pili ya mteja uleule ikatoka nyekundu tofauti na ya kwanza na yalikuwa mabango mawili ya duka moja. Tangu hapo kila faili langu lina kamstari ka viboksi pembeni kwenye sehemu itakayokatwa, bluu, nyekundu, kijani, kijivu na nyeusi, nikipokea kazi nakalinganisha na chati kabla sijalipa.

Chati yenyewe msiibandike karibu na dirisha, njano na majenta zinafifia na utaanza kulinganisha kazi mpya na kitu kilichochakaa. Yangu ya stika inakaa kwenye bahasha ndani ya droo, na mashine ikibadilishiwa aina ya wino naprinti nyingine ya zamani natupa.