Puto, slivu au baipasi: tathmini ya mpishi aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Nina mwaka na ushei tangu nifanyiwe baipasi ya tumbo katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Wengi wananiuliza nimepungua kilo ngapi. Wachache sana wananiuliza kwa nini baipasi (kutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunga na utumbo) na si slivu (kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo), wala kwa nini sikuweka puto la kujaza tumbo, na hilo ndilo swali lenye uzito. Hospitali sitaitaja, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia.

Kwanza mjue nilikuwaje, maana bila hilo uamuzi wangu hautawafaa. Mimi ni mpishi wa shughuli: harusi, sendofu, hitma, maulidi. Urefu wangu ni sentimita 160 na nilikuwa na kilo 112, yaani BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, karibu 44. Nilikuwa na kisukari aina ya pili, nameza metformini asubuhi na jioni, na bado kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma 8.9. Presha ilikuwepo. Magoti yaliniuma hadi kusimama jikoni kukawa kazi ya kumeza diklofenaki. Na usiku kiungulia kilinipanda hadi kooni, nikilala chali naamka nakohoa maji machungu. Hicho kiungulia ndicho kilichoamua kila kitu, ingawa mwenyewe nilikiona ni jambo dogo kuliko yote.

Kliniki ya kwanza niliyowasiliana nayo ilinitaka nitume urefu na uzito kwa WhatsApp. Jioni ileile wakanirudishia bei ya slivu, tarehe, na asilimia ya malipo ya kutanguliza. Hakuna aliyeniuliza nalalaje, nameza dawa gani, wala kama nimewahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Sikurudi kwao. Mtu anayetaka kukata kiungo changu asichoweza kunirudishia, anapaswa kukiona kwanza.

Hospitali niliyoichagua ilianza na kamera. Daktari bingwa alinisikiliza, akaandika, halafu akasema, "Mama, operesheni tutaiongea baadaye. Nataka kwanza nione ndani." Nilifika asubuhi nimefunga, wakanipulizia dawa ya ganzi kooni na kunipa sindano ya kulegeza, wakapitisha kamera. Majibu yalikuwa matatu: umio (njia ya chakula kutoka kooni) umechubuka kwa asidi, nina ngiri ya kiwambo (sehemu ya juu ya tumbo imepanda kupitia tundu la kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kuingia kifuani), na nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Bakteria wale walitibiwa kwanza, antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli kwa siku 14, na nikapimwa tena kuhakikisha wameisha. Kwa huduma hii tu nawapa alama zote. Bakteria hao wamejaa katika nchi zetu, na ukishafanyiwa baipasi sehemu kubwa ya tumbo inabaki ndani mahali ambapo kamera ya kawaida haifiki. Kutibu kabla ni lazima.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe.

Puto ndilo lililozoeleka mitaani kwetu tangu hospitali ya Mloganzila waanze kuliweka. Halina kisu. Linapitishwa kinywani, linajazwa maji ya chumvi yenye rangi ya buluu, na linakaa tumboni kwa kawaida miezi 6, mengine hadi mwaka, kisha linatolewa. Rangi ile ina kazi: puto likipasuka, mkojo unageuka buluu au kijani na unajua mara moja ukimbilie hospitali. Jirani yangu aliwekewa. Siku za mwanzo alitapika sana, baadaye akatulia na akapungua vizuri, na lilipotolewa sehemu ya uzito ikarudi. Kwa mtu mwenye uzito wa kiasi, au anayetaka kupunguza kidogo kabla ya operesheni nyingine, naliona lina faida. Mimi mwenye ngiri na umio uliochubuka, daktari alilikataa palepale, na kweli, kitu cha muda kingenisaidia nini na kisukari cha miaka?

Mkanda wa kubana tumbo sitaupotezea muda. Uliwahi kushika kasi duniani, leo madaktari wengi wameuacha kwa sababu unateleza, unakula ukuta wa tumbo, na wagonjwa wengi waliishia kurudi mezani kuutoa. Pale hospitalini hawaufanyi kabisa.

Slivu ndiyo iliyonivuta kwa muda mrefu. Wifi yangu aliyeko Maskati aliifanya, na huko Ghuba ni kawaida kabisa. Alipokuja likizo tulishindwa kumtambua uwanjani. Daktari anakata na kutoa nje asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba mithili ya ndizi. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula inashuka, si nafasi ya chakula tu. Operesheni ni fupi kuliko baipasi, bei ni nafuu, na upungufu wa vitamini si mkali sana. Kwa kazi yangu ilikuwa na mvuto mwingine: mtu wa slivu akionja kaimati au kipande cha keki, kwa kawaida hapati kile kishindo cha moyo kwenda mbio na jasho anachokipata mtu wa baipasi. Na akiumwa goti, daktari ana nafasi zaidi ya kumwandikia dawa ya maumivu.

Lakini lile bomba lina presha ndani yake, na asidi hutafuta njia ya juu. Wifi hana shida hiyo, na hakuwa nayo kabla. Daktari alinionyesha matokeo ya utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuatilia wagonjwa 217 kwa miaka 5. Kati ya waliokuwa na kiungulia tangu mwanzo, kilizidi kwa asilimia 31.8 ya wagonjwa wa slivu na asilimia 6.3 tu ya wale wa baipasi. Kwa upande wa uzito, tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa ya kutegemewa. Nilimwomba anirudie hapo mara mbili. Nilichokuwa nafikiria kila siku, yaani kilo, ndicho ambacho hakikutenganisha operesheni hizi, na nilichokidharau ndicho kilichozitenganisha.

Baipasi nayo ipo hivi. Sehemu ya juu ya tumbo inatengwa iwe kifuko kidogo cha takriban mililita 30, vijiko viwili vya mezani. Utumbo mwembamba unakatwa, ncha moja inapandishwa na kuungwa na kifuko hicho, na ule upande mwingine unaungwa chini zaidi. Tumbo kubwa linabaki mahali pake, halipokei tena chakula, linaendelea kutoa maji yake ya kusaga ambayo yanakutana na chakula huko chini. Asidi inayofika kwenye umio inapungua sana, ndiyo maana ni tiba nzuri ya kiungulia, na sukari ya damu huanza kushuka hata kabla ya uzito wenyewe kushuka. Mbinu hii si ya jana. Edward Mason aliianza katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, na tangu miaka ya 1990 inafanywa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo zima.

Kuna pia baipasi ndogo, yenye ungio moja badala ya mawili. Ni ya haraka zaidi, ila nyongo inaweza kupanda juu. Kwa umio kama wangu, daktari alisema hapana.

Kwa hiyo nilichagua baipasi, na gharama zake nilielezwa bila kufichwa. Diklofenaki, brufeni na ndugu zao zote, mwiko maisha yote, kwa sababu zinachimba vidonda kwenye ungio. Sigara vilevile. Vitamini kila siku hadi kaburini: multivitamini, B12, vitamini D, kalisi, madini ya chuma, na kalisi na chuma visimezwe pamoja, viachane saa mbili. Na kuna hatari ya utumbo kujipenyeza na kunasa ndani hata miaka baadaye. Daktari alisisitiza: maumivu makali ya tumbo ya ghafla usiyalalie nyumbani, nenda hospitali na sema wewe ni mtu wa baipasi. Hili la diklofenaki lilinitia wasiwasi kuliko kisu chenyewe. Nilimuuliza nitasimamaje kwenye sufuria ya pilau ya watu mia nne. Akanijibu kwamba magoti yatapunguziwa mzigo, na mpaka hapo nitumie panado. Imekuwa hivyo, ingawa miezi ya mwanzo nilisimamia jikoni nikiwa nimekaa kwenye kiti, vijana wakikoroga.

Wiki mbili kabla ya operesheni nilikula chakula chenye wanga kidogo sana ili ini lipungue, kwa sababu ini likiwa kubwa na lenye mafuta linaziba njia ya daktari. Operesheni yenyewe nimelala, sina la kusimulia. Jioni ileile nesi alinisimamisha nitembee ukumbini na drip yangu, huku nikichomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Manesi wa zamu ya usiku nawashukuru sana. Walinipimia maji kwa kile kikombe kidogo cha dawa, funda moja, subiri, funda jingine, wala hawakuwahi kunionyesha haraka.

Penye kasoro ni lishe. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilijaa brokoli, jibini la kotaji na mtindi wa Kigiriki. Nani wa kwetu anaanza navyo siku ya kumi baada ya kisu? Nilimrudia mtaalamu wa lishe tukaiandika upya pamoja: mchuzi wa samaki changu uliochujwa, maziwa mgando, kunde na dengu zilizopondwa, yai la kuchemsha, dagaa waliosagwa, baadaye maini laini. Lengo ni angalau gramu 60 za protini kwa siku, na usinywe maji pamoja na chakula, subiri nusu saa. Yai moja nilikuwa nalila kwa vipande vya ukubwa wa punje ya njugu, kila kimoja nakitafuna mpaka kinapotea. Huyu mtaalamu ni msikivu, lakini karatasi ingepaswa kuandikwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu mgonjwa asiye mpishi atashindwa kubadilisha brokoli kuwa mchicha na jibini kuwa dagaa.

Kasoro ya pili: vitamini za dirishani kwao ni za kutoka nje na ni ghali mno. Nilisoma lebo, nikatafuta zenye vipimo vilevile duka la dawa Kariakoo, mtaalamu wa lishe akazikubali. Waulize mapema. Dawa ya maisha haifai kukushinda bei.

Kishindo cha sukari ni cha kweli. Nilionja shira ya kaimati, kijiko kisichojaa, na baada ya dakika chache moyo ulikwenda mbio, jasho likanitoka, tumbo likasokota, nikalala kwenye mkeka wa stoo mpaka kikapita. Tangu hapo vitu vitamu anaonja binti yangu, na ulimi wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Nywele zilinyonyoka kuanzia mwezi wa nne hivi, nilikuwa nimeambiwa, na zimerudi. Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga. Siku hizo nazilipa kidogo kidogo.

Leo nina kilo 78. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinasoma 6.1 bila metformini, presha nimebaki na kidonge kimoja. Nalala chali. Sikumbuki mara ya mwisho kulala chali ilikuwa mwaka gani.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye karatasi ya lishe na bei ya vitamini. Bima yangu ilikataa kulipa, na baipasi ilinigharimu zaidi ya slivu, kwa hiyo uliza bei zote mbili kwa maandishi, pamoja na kamera, vipimo vya damu vya kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, na kurudi kwa dharura. Ukiwa huna kiungulia na kisukari chako ni cha juzi, slivu inaweza kukutosha kabisa, na daktari huyuhuyu amemfanyia slivu mteja wangu mmoja kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile za kununua mtaani bila cheti, na umwage mezani. Kwangu mimi mazungumzo ya kweli yalianzia kwenye pakiti ya diklofenaki.