TAHADHARI: Pampu za mafuta zilizotumika zinauzwa kama mpya. Wenye IST, Vitz na Probox someni

Ndugu zangu wenye Toyota ndogo za injini ya 1NZ na 2NZ, kuna mchezo unaendelea hapa Dar na umemkuta dada yangu. Fundi mmoja anashirikiana na duka la spea. Majina siyataji kwa kuwa bado tunadai hela, ila mbinu yao ni hii.

Gari lilikuwa linasumbua kuwaka asubuhi tu. Likilala, unapiga starta mpaka huruma. Likishawaka linakwenda vizuri, hata mlimani halipungui nguvu. Fundi akasikiliza kwenye tenki, akasema pampu imekufa. Hakufunga geji ya kupima presha ya mafuta. Akampeleka dukani kwa "mtu wake", pampu ikatoka kwenye boksi safi, 180,000. Ile ya zamani akaondoka nayo, eti ni takataka.

Asubuhi iliyofuata, tatizo lilelile.

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee mtulivu, akafunga geji kabla ya kugusa kitu. Injini hizi zinataka presha ya kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50, na ukizima inapaswa kubaki angalau kPa 147 kwa dakika tano. Ikiwaka, presha ilikuwa ndani ya kipimo. Alipozima, mshale ukaanza kushuka mbele ya macho yetu. Akawasha tena, akazima, safari hii akafunga koki ya geji upande wa tenki. Mshale ukaendelea kushuka. Maana yake presha haikuwa inarudi tenkini kupitia valvu ya pampu wala regyuleta (kidhibiti presha). Ilikuwa inavujia mbele, kwenye nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini. Alipofungua plagi, ya silinda ya tatu ilikuwa imelowa na inanuka petroli. Oili nayo ilishaanza kunuka, na hiyo ndiyo inayoua injini polepole.

Yaani pampu ya kwanza ya dada, ile aliyoondoka nayo fundi, haikuwa na kosa lolote.

Kisha mzee akainua kiti cha nyuma, akaitoa hiyo "mpya". Chujio la chini jipya kabisa, jeupe. Lakini pini za umeme zina mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi, na mwili wake una madoa ya kahawia ya petroli ya zamani ambayo kusafisha hakukuyafikia kwenye kona. Ndiyo maana ile ya zamani inachukuliwa haraka: inaoshwa, inavalishwa chujio, inarudi kwenye boksi kumsubiri mwingine.

Kwa hiyo akikwambia pampu, mwambie afunge geji uone mwenyewe, injini ikiwaka na ikizimwa. Pampu inayochoka kweli mara nyingi hujionyesha gari likibeba mzigo au likipanda mlima. Pampu yako ya zamani usimwachie mtu, hata kama imeungua. Boksi lifunguliwe mbele yako, utazame pini kwanza. Na dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iliyoandika jina la kifaa. Dada alipewa karatasi ya mkono iliyoandikwa "spea" tu, na sasa muuzaji anakana kwamba pampu imetoka kwake. Tunapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama nawe umeuziwa hivi karibuni na gari bado linasumbua asubuhi, itoe uitazame pini, na weka picha hapa.