Kopo la asidi amino linaloahidi kuchelewesha uzee

Unga huu wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, unauzwa kwa dola 28 kopo moja katika duka la lishe na vipodozi huku Ibanda, Bukavu. Unayeyuka vizuri katika maji ya uvuguvugu bila kuacha madonge, na uchungu wake unapungua ukikorogwa ndani ya uji wa soya. Lebo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inataja asidi amino zote 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, pamoja na kiasi cha kila moja kwa kijiko.

Lalamiko langu ni juu ya ahadi iliyochapwa mbele ya kopo, kwamba unga huu unachelewesha uzee. Nilipomuuliza mama muuzaji, alinijibu kwa upole: «Papa, walishajaribu kwa nzi wa matunda.» Ni kweli watafiti walijaribu, kwa kuwa nzi hao huishi miezi miwili mitatu tu na mtafiti anaweza kuyafuata maisha yao yote, lakini majibu waliyoyapata yanaipinga lebo hiyo. Mwaka 2009, mtafiti wa uzee Linda Partridge na wenzake huko London walichukua nzi waliopunguziwa hamira, ambayo ndiyo inayowapa protini, na ambao kwa kupunguziwa huko walikuwa wakiishi muda mrefu zaidi, kisha wakawarudishia asidi amino muhimu, yaani zile ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Nzi wakataga mayai mengi, na maisha yao yakafupika. Virutubisho vingine, sukari ikiwamo, havikubadilisha kitu cha maana. Walipoongezewa methionini, mojawapo ya asidi hizo, peke yake, mayai yaliongezeka bila maisha kupungua, jambo linaloonyesha kwamba uwiano wa asidi hizo una uzito kuliko wingi wake.

Sababu mojawapo iko ndani ya seli, ambamo mfumo uitwao TOR huhisi wingi wa asidi amino na kuamuru ujenzi uendelee. Zikipungua, seli hugeukia kusafisha na kutumia upya vipande vyake vilivyochakaa. Dawa ya rapamisini, inayouzuia mfumo huo, nayo imerefusha maisha ya nzi.

Binadamu si nzi, na sitaki mtu aliyezeeka aogope protini, maana misuli yake inapungua na anaihitaji. Kwa mgonjwa asiyeweza kutafuna, ambaye daktari amehakikisha kuwa figo zake ni nzima, unga huu ni msaada wa kweli, nami ningemnunulia mzazi wangu. Lakini anayekula bugali kwa maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tayari anazo asidi zote 9: maharage yana methionini kidogo, na sambaza zinaziba pengo hilo kwa bei ambayo kopo hili haliwezi kushindana nayo. Kama chakula, naupa unga huu nyota 3 kati ya 5. Kwa ile ahadi ya mbele ya kopo, siupi hata moja, na mwenye duka angefanya vyema kuacha kuwarudia wateja maneno hayo.